Johannes Schmidt, Mtu Aliyehesabu Mifupa ya Samaki

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumekwisha soma habari za wafalme, za wapelelezi wa mito na za mapadre wa kwanza. Mimi napenda kuwaeleza wenzangu habari za mtu aliyepata sifa kwa kazi ambayo wengi wangeiona ya kuchosha kabisa, yaani kuhesabu pingili za uti wa mgongo wa samaki, mmoja baada ya mwingine, maelfu kwa maelfu. Jina lake ni Johannes Schmidt, mwenyeji wa nchi ya Denmark. Vitabu vingi humtaja kwa jambo moja tu, kwamba aliwafuata mikunga wa Ulaya hata akagundua sehemu ya bahari wanapozaliwa. Ni kweli, lakini naona hiyo ni nusu tu ya habari zake. Nusu ya pili ni swali alilolichukua kila alipokwenda: kwa nini samaki wa aina moja hugawanyika kuwa mbari mbalimbali mahali pengine, na mahali pengine hubaki ukoo mmoja?

Schmidt alizaliwa tarehe 2 Januari 1877 huko Jægerspris, katika kisiwa cha Sjælland. Mjomba wake alikuwa Johan Kjeldahl, mkemia mashuhuri, ambaye njia yake ya kupima naitrojeni katika vyakula hutumika hata leo. Kjeldahl alifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, nayo maabara hiyo iliwekwa mwaka 1875 na Bwana J. C. Jacobsen, mwenye kiwanda cha bia. Wasomaji wa shule ya misheni wasishtuke: faida ya bia ile ndiyo iliyolipia sehemu kubwa ya elimu nitakayoisimulia hapa.

Kwanza kijana huyu hakujifunza samaki hata kidogo. Alisomea mimea katika Chuo Kikuu cha Copenhagen, chini ya Profesa Eugen Warming, akamaliza mwaka 1898. Mwaka uliofuata alikwenda Siam, nchi ambayo sasa huitwa Thailand, akachunguza mimea ya kisiwa cha Koh Chang. Shahada yake ya udaktari aliipata mwaka 1903 kwa kuandika juu ya mikoko, miti ile ile inayojulikana sana na ndugu zetu wa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka huo huo alimwoa Ingeborg Kühle, binti wa mkurugenzi wa kiwanda cha Carlsberg.

Wakati huo mataifa ya Ulaya ya kaskazini yalikuwa yamekwisha kuunda baraza la kuchunguza bahari, mwaka 1902, kwa sababu wavuvi walilalamika kwamba samaki wanapungua. Denmark ilitoa meli ndogo iitwayo Thor, na Schmidt akatumwa humo kutafuta watoto wa samaki waliwao na watu. Basi mwezi wa Mei mwaka 1904, magharibi ya visiwa vya Faroe, wavu wake wenye matundu madogo ulileta kitu kimoja chembamba, bapa kama jani la mti, chenye kuangaza kama kioo, urefu wake milimita 77. Alikuwa mtoto wa mkunga.

Yafaa nieleze kidogo mkunga ni samaki gani, maana katika ziwa letu la Tanganyika wamo samaki warefu mfano wa nyoka, lakini si ndugu zake. Mikunga wa kweli wako katika mito inayomwaga maji yake katika bahari ya Hindi, kama vile Rufiji na Tana. Mkunga wa Ulaya hukaa mitoni na ziwani miaka mingi, akila na kunenepa. Kisha siku moja rangi yake hugeuka fedha, macho yake hukua, tumbo lake huacha kula, naye hushuka mto mpaka baharini asirudi tena. Hakuna mvuvi aliyepata kuona mayai ndani ya tumbo la mkunga wa mtoni yakiwa yamekomaa. Kwa sababu hiyo Aristotle, yule Mgiriki wa kale, alidhani mikunga hutoka katika matope. Hata Sigmund Freud, kabla ya kuwa daktari wa mambo ya akili, alipasua mikunga mia kadhaa mwaka 1876 akitafuta viungo vya uzazi vya dume, wala hakuridhika na alichokiona. Mwishoni mwa karne ile Waitalia wawili, Grassi na Calandruccio, waliweka katika tangi vile visamaki bapa vya mlango-bahari wa Messina, wakaona vikigeuka kuwa mikunga wadogo. Watu wakadhani fumbo limekwisha, na kwamba mikunga wote huzaliwa katika bahari ya Mediterania.

Lakini kiluwiluwi cha Schmidt kilitoka katika bahari ya Atlantiki, mbali sana na Italia. Tena alipopita katika Mediterania mwaka 1908 na 1910 aliona kwamba kadiri alivyosafiri kuelekea mashariki ndivyo watoto wa mikunga walivyozidi kuwa wakubwa. Maana yake wameingia kutoka magharibi, wakikua njiani. Hapo akaamua kufuata njia moja nyepesi kuieleza na nzito kuitenda: kutafuta watoto wadogo zaidi, na wadogo zaidi tena, mpaka afike walipozaliwa. Ni kama wale waliotafuta chanzo cha mto Nile kwa kufuata kijito hata kikawa chemchemi, na sisi wa Burundi twaijua ile ya kusini huko Rutovu.

Tangu mwaka 1910 Schmidt alikuwa mkurugenzi wa idara ya fiziolojia katika maabara ya Carlsberg. Hakuwa na meli ya kuvukia Atlantiki, kwa hiyo aliwaomba manahodha wa meli za biashara wakokote nyavu zake safarini. Mwaka 1913 alipata jahazi liitwalo Margrethe, nalo likaenda mwamba kabla ya mwaka kwisha, huko katika visiwa vya West Indies. Samaki waliokwisha kukusanywa waliokolewa. Kisha mwaka 1914 vita vikaanza, bahari ikafungwa. Denmark haikupigana, lakini hakuna aliyetaka kukokota wavu wa viluwiluwi kati ya nyambizi.

Mimi naona miaka ile ya vita, ambayo wasimulizi wengi huiruka, ndiyo iliyomfanya awe mtaalamu mkubwa. Akikosa bahari kuu, aligeukia hori za nchi yake. Denmark ina hori ndefu nyembamba zinazoingia bara, na ndani yake hukaa samaki mmoja wa chini, wataalamu humwita Zoarces. Jike wa samaki huyu hatagi mayai yakachukuliwa na maji. Huwabeba watoto tumboni miezi kadhaa, akawazaa wakati wa baridi, wakiwa tayari wamefanana na mama yao. Watoto hukaa chini pale pale walipozaliwa. Huyu ni samaki wa nyumbani hasa.

Schmidt alikusanya Zoarces wa hori nyingi, akahesabu pingili zao. Akaona kwamba samaki wa mdomoni mwa hori, karibu na bahari, wana pingili nyingi, na kwamba unavyoingia ndani idadi hupungua. Nao si watu wa nchi mbili; mwendo wa kilometa chache tu ulitosha kukupeleka kwa mbari nyingine. Je, tofauti hiyo ni ya urithi, au ni maji tu? Ndilo swali gumu, na hapa ndipo alipoonyesha akili. Kwa kuwa jike hubeba watoto wake, aliweza kumhesabu mama na kuwahesabu watoto wake mwenyewe. Akaona kwamba mama wenye pingili nyingi, kwa jumla, huzaa watoto wenye pingili nyingi. Lakini akaona pia kwa samaki aitwaye trauti kwamba joto la maji mtoto angali katika yai laweza kubadili hesabu. Kwa hiyo urithi upo, na mazingira yapo, na mtu asiyetenganisha hayo mawili hujidanganya.

Ili kuyatenganisha alibuni mwaka 1919 njia ya kupandisha: kila dume apandishwe kwa kila jike, kisha watoto wa pande zote walinganishwe, ndipo ijulikane ni nini kila mzazi ametoa mwenyewe. Njia hiyo inatumiwa mpaka leo na wanaotafuta mbegu bora za mahindi, na nina hakika wengi wao hawajui kwamba mwanzo wake ni mtu wa samaki.

Mwaka 1920 alitoa habari nyingine ndogo ambayo naipenda kuliko zote. Alifuga gapi, visamaki vya vijito vya Trinidad na nchi jirani, ambao dume wana rangi nzuri na jike hawana. Baadhi ya dume walikuwa na doa jeusi katika pezi la mgongoni. Schmidt aliona kwamba doa lile hutoka kwa baba kwenda kwa wanawe wa kiume, na mabinti hawalipitishi kabisa, hata kama baba yao alikuwa nalo. Ni kama ukoo unaofuata upande wa baba. Mwenzake Øjvind Winge alieleza baadaye kwamba doa limo katika kromosomu iitwayo Y, ambayo dume peke yao wanayo. Na hapa mwenendo wa samaki waingia tena, maana wataalamu waliofuata walikwenda Trinidad kwenyewe wakaona kwamba jike wa gapi huwapendelea dume wenye rangi kali, lakini samaki wakali nao huwaona hao hao mapema wakawala. Katika vijito vyenye adui wengi dume wamefifia. Penye adui wachache wameng'aa. John Endler alionyesha mwaka 1980 kwamba ukiwahamisha gapi kutoka kwenye adui wengi mpaka mahali salama, kizazi baada ya kizazi rangi huzidi, na jambo hilo huonekana katika miaka michache tu. Jike anachagua, adui anachagua, na rangi hurithiwa.

Vita vilipokwisha Schmidt alirudi baharini katika meli mbili zilizofuatana kuitwa Dana, tangu mwaka 1920 mpaka 1922. Hapo alipata alichokitafuta. Katika Bahari ya Sargasso, mashariki ya Marekani na kusini ya Bermuda, ambako magugu ya bahari huelea juu ya maji ya vuguvugu, nyavu zake zilileta viluwiluwi vya milimita chache tu, vidogo kuliko vyote vilivyopata kuonekana. Mwaka 1922 aliandika kwamba hapo ndipo mikunga wa Ulaya huzaliwa. Ilikuwa imepita miaka kumi na minane tangu ile siku ya Faroe.

Sasa tuviweke pamoja vitu viwili ambavyo yeye alivilinganisha. Alikuwa amehesabu pia pingili za mikunga kutoka nchi nyingi za Ulaya, za kaskazini na za Mediterania, na popote alipohesabu wastani ulikuwa ule ule, karibu 115. Zoarces hubadilika ndani ya hori moja, lakini mkunga habadiliki katika bara zima! Sababu yake ni mwenendo. Mikunga wote huenda mahali pamoja, hupandana bila kuulizana wametoka mto gani, na watoto hutawanywa na mikondo ya bahari. Mtoto hana njia ya kurudi katika mto wa baba yake. Urithi wao ni chungu kimoja kinachokorogwa kila mwaka. Zoarces kila hori ina chungu chake.

Kando ya mkunga wa Ulaya yuko mkunga wa Marekani, mwenye pingili kama 107, naye pia huzaliwa katika Sargasso, na sehemu zao hupishana. Mbona basi hawachanganyiki wakawa kitu kimoja? Schmidt aliona kwamba mtoto wa Marekani hukamilisha maisha yake ya kiluwiluwi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na yule wa Ulaya huchukua muda mrefu zaidi, hata kupita miaka miwili kwa hesabu yake. Mmoja yu tayari kuingia mtoni anapofika karibu na Marekani. Mwingine angali anaelea, naye huchukuliwa mpaka Ulaya. Siku hizi vipimo vya jeni vimeonyesha kwamba ni aina mbili kweli, na kwamba chotara wao hupatikana hasa katika mito ya Iceland, kati ya mabara hayo mawili.

Wenzangu wa kando ya ziwa wataielewa habari hii upesi. Usiku taa za wavuvi wa Bujumbura, wa Kigoma na wa Uvira huvua ndagala, ambao Watanzania huwaita dagaa. Hao huzunguka katika maji ya wazi, na uchunguzi wa jeni uliofanywa miaka ya karibuni umeona kwamba aina iitwayo Stolothrissa haina karibu tofauti yoyote kutoka upande mmoja wa ziwa mpaka mwingine, ijapokuwa ziwa lina urefu wa kilometa zaidi ya 650 na nchi nne zimeligawana. Lakini nenda kwenye mawe ya ufukoni ukamtazame Tropheus, kisamaki kinachokwangua uoto wa kijani juu ya miamba, ambacho jike wake hutunza watoto kinywani. Hapendi kuvuka mchanga. Basi mwamba huu ana rangi hii, mwamba ule ana rangi nyingine, na samaki hupendelea kupandana na wenye rangi yao. Schmidt hakuja ziwani kwetu, lakini angewatambua mara moja: ndagala ni mkunga, na Tropheus ni Zoarces.

Sitaki kumfanya malaika. Mwaka 1985 wataalamu Boëtius na Harding walipitia upya hesabu za safari zake, wakaona kwamba aliisimulia habari ya Sargasso kwa unyofu kuliko daftari zake zilivyokuwa. Sehemu nyingine za bahari alizitafuta kidogo kuliko msomaji anavyodhani. Hata hivyo, hakuna aliyepata viluwiluwi vidogo kama vile mahali pengine.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa ya kuizunguka dunia, mwaka 1928 mpaka 1930, kwa fedha za Carlsberg. Dana ilipita Pasifiki na bahari ya Hindi, ikipima kina kwa mwangwi wa sauti, na chini ya bahari yetu ya Hindi ikagundua safu ya milima ambayo Schmidt aliipa jina la Carlsberg. Sijui kama kuna kiwanda kingine cha bia chenye milima yake. Karibu na Afrika ya Kusini walinasa kiluwiluwi chenye umbo kama cha mkunga, lakini urefu wake zaidi ya mita 1.8, na watu wakaanza kuota nyoka mkubwa wa baharini. Baadaye ilijulikana kwamba ni mtoto wa samaki wa vilindini ambaye akikua hazidi sana ukubwa huo. Mwaka 1930 Royal Society ya London ilimpa Schmidt nishani ya Darwin. Aliugua homa ya mafua, akafariki tarehe 21 Februari 1933, mwenye umri wa miaka 56, na Winge akashika nafasi yake katika maabara.

Mwaka 1959 Mwingereza Denys Tucker alidai kwamba mikunga wa Ulaya hawafiki Sargasso kamwe, hufia njiani, na kwamba wale wa Ulaya ni watoto wa mikunga wa Marekani, ambao joto la maji limewaongezea pingili. Twaona kwamba ni lile lile swali la urithi na mazingira ambalo Schmidt alihangaika nalo katika hori. Jeni zimemkataa Tucker. Na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mikunga waliofungwa vyombo vya kutoa habari katika visiwa vya Azores walifuatiliwa mpaka ndani ya Bahari ya Sargasso yenyewe.

Lakini wanaokwenda sasa ni wachache. Tangu kama mwaka 1980 watoto wa mikunga wanaofika pwani za Ulaya wamepungua kwa zaidi ya sehemu tisini katika mia. Wako wanaotaja mabwawa ya umeme yanayofunga mito, wako wanaotaja uvuvi, minyoo iliyoletwa kutoka Asia, na mabadiliko ya bahari. Nadhani yote yamo. Kwa ajili ya ile habari ya chungu kimoja, nchi inayowalinda mikunga wake haiwezi kujiwekea watoto wao, na inayowamaliza hula watoto wa jirani pia. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria moja kwa nchi zote zenye mito ya mikunga, kila nchi iache sehemu ya mikunga wake wa fedha wafike baharini. Hao hushuka hasa usiku wa giza wa majira ya kupukutika majani, mvua zinapoijaza mito. Mayai yao baharini hakuna mtu aliyeyapata mpaka leo.